Msichana wa Kurasa za Nyuma

Mwalimu yeyote aliyekaa darasani zaidi ya mwaka mmoja anajua kwamba mtoto akianza kuandika kutoka nyuma ya daftari, ana jambo analolificha. Mbele huweka kazi ya mwalimu, nyuma huweka ya moyo wake. Nkirote alikuwa amefundisha Kiingereza miaka mitano pale shule ya Kaaga, na madaftari aliyoyapindua akakuta barua za mapenzi hayana idadi. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja angepindua la mtu mzima, tena mtu ambaye wazee wake walikuwa waje kwao kesho yake kuleta posa.

Daftari lilikuwa la Njagi. Njagi alikuwa mlinzi wa mchana katika lango la jengo moja la maduka mjini Meru. Kampuni yake ilikuwa imetangaza nafasi ya msimamizi, na mtihani wenyewe ulikuwa wa kuandika ripoti kwa Kiingereza: umemwona mtu, sasa mweleze, sura yake na mienendo yake, mpaka askari akisoma amtambue katikati ya soko. Macho Njagi alikuwa nayo, hilo halikuwa na ubishi. Alichokosa ni maneno. Basi mchumba wake akamnunulia daftari la kurasa tisini na sita na kumwandikia orodha kwa mkono wake mwenyewe. Slim kwa mwembamba, stocky kwa mfupi aliyejaa, limp kwa anayechechemea, fidget kwa yule ambaye mikono yake haitulii. Kila wiki Njagi aliandika watu watano waliopita langoni, na kila Ijumaa Nkirote alisahihisha kwa kalamu nyekundu huku wakicheka.

Macho hayo ndiyo yaliyowakutanisha. Mwaka uliopita kijana alimnyakulia Nkirote mkoba karibu na soko, na Njagi, aliyekuwa amesimama langoni kwake buti moja juu ya jingine kama kawaida yake, akamweleza askari yule mwizi kutoka utosini: mrefu, bega la kushoto limeshuka, akisimama tu anajikuna sikio. Mkoba ulipatikana jioni ile ile. Kisha akamgeukia mwenye mkoba na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye naye akificha kitu hushika kifungo cha kola. Alikuwa amemwambia askari hamna kitu cha maana ndani, na alikuwa amekishika mara tatu. Ndani mlikuwa na kadi ya harusi ya mwanamume aliyemwacha.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mjue hivyo mapema, msije mkamlaumu Nkirote kwa yatakayofuata.

Ijumaa hiyo alisahihisha peke yake, maana Njagi alikuwa bado kazini. Aliwamaliza wale watu watano, akampa nane kwa kumi. Alipotaka kuliweka daftari mezani likamteleza, likaanguka, na alipoliokota likawa limegeuka juu chini. Akaona mwandiko. Ulikuwa safi kuliko ule wa mbele, umeandikwa polepole, hakuna mahali palipofutwa.

Sunday. Female. Age: 24. Place: Kiambere. Chini yake, mstari kwa mstari, kwa maneno yale yale aliyomfundisha yeye: slim, dark complexion, shingo ndefu, mwanya katika meno ya juu. Anafunika mdomo akicheka. Akimsikiliza mtu, anaweka mguu mmoja juu ya mwingine.

Nkirote alikuwa na miaka ishirini na saba. Alikuwa maji ya kunde, mfupi wa shingo, meno yake yamebanana hayana mwanya wala nafasi yake, na akicheka darasa la jirani wanasikia. Alisoma ukurasa ule mara tatu akitafuta hata kitu kimoja chake. Hakukipata.

Akafunua wa pili. Jumapili iliyofuata, Kiambere tena, miaka ishirini na nne tena, lakini huyu alikuwa plump, mnene. Ngozi inang'aa. Anatembea polepole, mkono mgongoni. Anaimba akipika. Anafunika mdomo akicheka, anaweka mguu mmoja juu ya mwingine. Wa tatu ulikuwa mfupi: ana haya kwa watu lakini hana haya kwa mbuzi, huwaita kwa majina na kuwakaripia. Na mguu juu ya mguu, mara ya tatu.

Akaketi kitandani. Mwembamba au mnene? Alikuwa mmoja au wawili? Kilichomuuma zaidi hakikuwa huo unene wala wembamba. Kilichomuuma ni ile miguu. Sura ya mtu unaweza kuiona kwa kupita njia. Namna anavyoweka miguu akisikiliza huioni mpaka umeketi naye, umezungumza, umenyamaza, ukamtazama tena. Njagi alikuwa amemtazama huyo msichana kwa macho ambayo Nkirote alidhani ni yake peke yake.

Tena kurasa zote zilikuwa za Jumapili. Jumapili nne mfululizo Njagi alimwambia ana kazi ya ziada, hawezi kwenda naye kanisani. Nkirote alimpigia simu Muthomi, mlinzi mwenzake Njagi, akajifanya anatafuta mwavuli wake uliosahaulika pale langoni. Wakazungumza ya mwavuli, wakazungumza ya baridi ya Julai, kisha akauliza kana kwamba limemjia tu, Njagi Jumapili hii anaingia saa ngapi. Muthomi alicheka. Alisema Njagi hajaingia Jumapili mwezi mzima, kwani mwalimu hajui, si huwa anaenda kwao?

Akakata simu. Mkono ulikuwa umeshikilia kifungo cha kola, na hapakuwa na mtu wa kumficha kitu. Mkono wa pili ulikuwa tumboni. Miezi mitatu. Alijua yeye, alijua Njagi, na hapakuwa na mtu mwingine wa kujua mpaka posa ipokelewe, maana baba yake Naftaly ni mzee wa kanisa kule Laare na mama yake ndiye anayeongoza kina mama. Kesho wazee wakija, kila kitu kingepata heshima yake. Kesho wasipokuja, angekuwa mwalimu mwenye tumbo na swali la kila mtu. Lakini kuolewa na mwongo je? Hilo nalo alikuwa ameliponea mara moja.

Simu ikalia mkononi, akashtuka. Alikuwa mama yake, Karwirwa, na habari yake ilikuwa ya njahi, maharagwe meusi ya wageni wa kesho.

"Njahi ziko kwa beseni," mama alisema bila salamu, "na maji iko kando. Nimwage ama nisimwage?"

Karwirwa hakumpenda Njagi tangu siku ya kwanza. Alikuwa ameshasema yote: mlinzi wa mlango wa watu, mtoto wa Kiambere, nchi kavu ya Mbeere, familia ambayo hakuna anayeijua. Lakini siku hiyo hakurudia hayo. Alisema kwamba ukavu si dhambi na ulinzi ni kazi. Kilichomnyima usingizi ni kwamba huyo mtu haongei. Alikuja mara mbili Laare, akaketi, akatazama watu, akaondoka. Mara ya mwisho alikaa saa nzima jikoni na nyanya yake Nkirote, na walipoulizwa wanaongea nini, wakasema mbuzi. Saa nzima ya mbuzi.

"Kimya kingi kina mshindo, Nkirote. Njahi hazipikiki kama hazijalala kwa maji, na mimi nikimwaga maji nimekubali. Sitaki kuloweka chakula cha wageni halafu niaibike mbele ya kanisa. Kuna kitu umeona kwa huyo mtu?"

"Hapana, Mama."

"Nipigie kabla ya saa kumi na mbili uniambie neno moja tu. Usipopiga, nitapiga mimi."

Alitamani kumwomba simu ampe nyanya. Nyanya Kagwiria hakuwa na simu yake. Alizungumza kwa ya Karwirwa, kipaza sauti kikiwa wazi, Karwirwa akiwa pembeni. Kumwuliza nyanya neno lolote ni kumwuliza mama.

Saa kumi na moja na nusu Njagi alibisha hodi. Alivua buti mlangoni kama alivyozoea ili asiingize matope, akaingia na soksi zake, akanusa chai. Akauliza leo amepata ngapi.

"Nane," Nkirote alisema.

Njagi hakufurahia ile nane. Alitazama shingo ya Nkirote, pale mkono wake ulipokuwa.

"Umeshika kifungo, Mwalimu."

"Huyu wa Kiambere ni nani?"

Aliliona daftari mezani, limegeuzwa juu chini. Uso wake ukafungika. Nkirote alikuwa amejiandaa kwa kila kitu: kukana, kucheka, kukasirika, kumshika mkono. Hakuwa amejiandaa kwa mtu aliyesimama tu.

"Umesoma nyuma."

"Mimi nasomanga nyuma. Ni kazi yangu. Jumapili uliniambia uko kazini, na Muthomi anasema hawajakuona mwezi mzima."

"Nilikudanganya," Njagi alisema.

Alilitoa neno hivyo, bila kulivisha nguo. Mwanamume aliyemwacha alikana mpaka siku ya harusi yake, na wakati ule Nkirote aliomba Mungu angalau akiri. Sasa alijua kukiri hakupunguzi kitu.

"Ana miaka ishirini na nne."

"Ndiyo."

"Mrembo?"

"Wanasema."

"Wanasema? Hayo macho yako yalienda wapi?"

"Sijawahi kumwona, Nkirote." Alimeza mate. "Huyo ni mama yangu."

Nkirote akacheka, cheko fupi lisilo na furaha. Alijua mama yake Njagi alifariki. Aliambiwa mara moja tu, mwaka jana, kwamba alikufa Njagi akiwa wa miezi minane na kwamba aliyemlea ni mama mdogo Ciku, na mlango huo ukafungwa. Hakuuliza tena. Lakini alijua pia kwamba wanaume hawaogopi kuwatumia hata wafu. Yule wa kwanza alikuwa na mama aliyelazwa hospitali kila alipotaka kupotea wikendi, na mama huyo alicheza harusini mpaka akavua viatu.

"Mama wa miaka ishirini na nne," alisema.

"Alikufa nayo. Hajaongeza. Mama yangu ni mdogo kwako. Hata kwangu ni mdogo."

"Na ni wangapi? Huyu ni mwembamba, huyu ni mnene."

"Mama Ciku anamkumbuka ule mwaka wa ukame, walikuwa wanakula mara moja kwa siku. Mke wa Ndwiga, jirani, anamkumbuka mwaka uliofuata. Alikuwa mnene kwa sababu alikuwa amenibeba mimi."

Nkirote alilivuta daftari. Alifunua ukurasa wa pili, akasoma tena, mkono mgongoni, anatembea polepole. Yeye mwenyewe wiki hiyo alikuwa ameanza kuutia mkono mgongoni akipanda ngazi za shule. Lakini hakutaka kulainika haraka. Akamwuliza kwa nini, baada ya miaka yote hiyo, ndiyo sasa anamtafuta mama yake, tena kwa siri.

Njagi alieleza polepole, kwa vipande. Ile saa jikoni na nyanya haikuwa ya mbuzi. Nyanya Kagwiria alimwita, akafunga mlango, akamwambia anajua Nkirote ana mimba. Hakuna aliyemwambia. Alimwona mjukuu wake akiketi kwa kutanguliza mkono, akajua. Akasema halisemi mpaka posa iingie, na yeye Njagi asimwambie hata Nkirote kwamba yeye anajua, maana msichana akijua ameonekana ataanza kutembea kwa hofu. Kisha akamwuliza, akizaliwa wa kike wa kuchukua nafasi ya mama yako, tutamwitaje.

"Nikamwambia Wambeti. Kwetu ni hivyo, jina la nyanya linarudi vile lilivyo. Akakataa. Akasema nyinyi Wameru jina hamtoi kwa kitambulisho. Mnaangalia mtu alikuwa wa namna gani, ndiyo mnaita mtoto. Yeye aliitwa Kagwiria kwa sababu nyanya yake alikuwa anafurahisha watu. Akaniambia, sasa niambie mama yako alikuwa wa namna gani, nimtafutie jina." Njagi alilitazama daftari. "Sikuwa na kitu ya kumwambia. Hata moja. Mimi naweza kukuambia vile kila mtu wa Meru anatembea. Akaniambia niende nimlete, nikimpata nimletee kabla ya siku ya posa."

"Ndiyo ukaenda ukamwandika kama mwizi."

"Ndivyo najua kuandika."

"Kwa Kizungu."

"Nilijaribu na Kimbeere," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti ikamponyoka. "Mama Ciku akiongea, nikiandika kwa Kimbeere, nalia. Siwezi kumaliza mstari. Kwa Kizungu nakuwa niko kazini. Nasema slim, nasema gap in the teeth, naendelea."

Kila swali lilikuwa limepata jibu, na kila jibu lilikaa mahali pake. Hilo ndilo lililomtia Nkirote shaka upya. Kwa uzoefu wake ukweli huwa na mashimo, na hadithi isiyo na shimo imeshonwa na fundi. Alitaka kuamini. Alitaka mpaka kifua kikamuuma. Na kwa sababu alitaka hivyo, hakujiamini.

"Nionyeshe picha yake."

"Ilikuwa moja, ya kitambulisho. Ilikuwa kwa sanduku la mbao. Mchwa walikula sanduku na picha."

"Mchwa."

"Ukitaka, mpigie Mama Ciku."

"Mtu wako atasema kile umemwambia aseme."

Nkirote alitazama saa ukutani. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Akaanza kuzungumza, na hata yeye hakujua maneno yanatoka wapi. Alimwambia habari ya ile kadi ya harusi, yote, kwa mara ya kwanza. Kwamba alimwamini mtu miaka minne na kila mtu mjini alijua isipokuwa yeye. Kwamba aliapa hatakuwa tena wa mwisho kujua. Kwamba Jumapili nne alikaa kanisani peke yake akimwombea mtu aliye kazini, na huyo mtu hakuwa kazini, na nyanya yake mwenyewe alijua, na mlinzi wa lango alijua, na yeye tena ndiye wa mwisho. Hata kama ni mama. Hata kama ni kwa ajili ya mtoto. Nia njema haigeuzi uongo kuwa kitu kingine.

Njagi alimsikiliza. Hakumkatiza, hakujitetea, hakusogea karibu. Alisimama pale kati ya meza na mlango, kichwa kimeinama upande kidogo, akipokea kila neno.

Nkirote alikuwa amefika kwenye neno la kumwambia aende. Alishusha macho ili alitamke bila kumtazama usoni, na macho yakaangukia sakafuni.

Soksi zake zilikuwa za kijivu, moja imetoboka kwenye kidole gumba. Mguu wa kulia ulikuwa umepanda juu ya wa kushoto, umetulia hapo.

Alikuwa ameuona mguu ule mara elfu. Langoni, buti juu ya buti. Kanisani wakati wa mahubiri. Kwao Laare mbele ya baba yake. Siku ya mkoba, alipokuwa akimweleza askari jinsi alivyoibiwa, na mlinzi asiyemjua akamsikiliza kuliko askari. Macho ya wivu huona Kiambere yakaruka kilicho mbele yake.

"Njagi," alisema. "Usisonge. Angalia miguu yako."

Akatazama chini. Akaona, akaanza kuushusha, kama mtu aliyekutwa amekosa adabu.

"Nimesema usisonge. Wewe hukaa hivyo kila ukisikiliza mtu. Kila mara. Umeandika mara tatu kwa hiyo daftari na hujajiona."

"Mimi?"

"Hakuna mtu amewahi kukuambia?"

Alitikisa kichwa. Nani angemwambia? Mama mdogo aliyemlea alikuwa ameizoea miguu hiyo tangu kwa dada yake, na kwake haikuwa habari. Njagi alizunguka Jumapili nne kwenye jua la Kiambere akiomba kwa wazee vipande vya mama yake, na kumbe alikwenda kila mahali naye, katika miguu yake mwenyewe. Alibaki vile vile, mguu juu ya mguu, akiutazama, akiogopa kuushusha. Nkirote alivuka chumba akamshika kiunoni asije akaanguka, maana mtu hawezi kusimama hivyo na kulia pia.

"Usiwahi kunidanganya tena," alimwambia kifuani. "Hata nyanya akikutuma. Hata malaika."

"Sitawahi."

"Nitakuwa nakuangalia, Njagi. Umenifundisha."

Simu ikaanza kulia mezani. Saa kumi na mbili kamili. Nkirote aliinyooshea mkono bila kumwachilia Njagi.

"Umenyamaza mpaka nimepiga," Karwirwa alisema. "Umemchunguza huyo mtu?"

"Nimemchunguza, Mama."

"Vizuri?"

"Kutoka kichwa mpaka miguu."

Mama akangoja. Alimjua binti yake, na alikuwa akisikiliza sauti kama Njagi anavyosoma mikono. Nkirote alijitazama. Mkono wake ulikuwa umeshika shati la mlinzi, sehemu ya mgongoni, na kola yake ilikuwa imelegea, haina aliyeishika.

"Loweka," alisema. "Loweka nyingi."

Upande wa pili wa simu Nkirote alisikia beseni likiburutwa sakafuni, kisha maji yakimiminwa.